Hawapatikani, au hawakai?

Wiki iliyopita mhariri mwingine wa Marekani kaniambia tena: “Tungependa kuajiri waandishi weusi, ila wenye sifa hawapatikani.” Nimeisikia mara nyingi hadi huwa naimalizia kabla yake.

Historia, chapuchapu. Mwaka 1968 Tume ya Kerner, iliyoundwa na Rais Johnson kuchunguza ghasia za mijini Marekani, ilisema vyombo vya habari vinaitazama nchi kwa macho ya wazungu. Waandishi weusi hawakufika hata asilimia 5. Mwaka 1978 chama cha wahariri wa magazeti kikaahidi kwamba ifikapo 2000 vyumba vya habari vitafanana na taifa lenyewe. Kabla mwaka huo haujafika, lengo likasogezwa hadi 2025. Chama kikaungana na kingine 2019, na muungano huo ukavunjwa 2024. Mwenye kudai hana tena wa kumdai.

Basi, hawapatikani? Mimi huwaomba wahariri orodha mbili: walioajiriwa miaka mitano iliyopita, na walioacha kazi. Ya kwanza huletwa siku hiyohiyo. Ya pili hutafutwa wiki nzima, na ikifika, majina yaleyale yamo humo.

Na wanaobaki wanafanya nini? Hapa ndipo huwa napandwa na hasira. Mwandishi mweusi anapelekwa kwenye maandamano, msiba wa aliyepigwa risasi na polisi, tamasha la muziki. Habari za bajeti anapewa mwingine. Mwisho wa mwaka anaambiwa hana uzoefu wa uchumi. Ataupata wapi?

Vyanzo, yaani watu wanaonukuliwa, ni vilevile. Niliwahi kukaa na dawati moja la biashara, nikapitia habari zao za wiki nzima kwa kalamu nyekundu. Habari za riba zilikuwa na wachumi walewale watatu, wazungu wote. Mtu mweusi alinukuliwa mara mbili, zote akilalamikia kodi ya nyumba. Nikamuuliza mwandishi kwa nini watatu hao. “Wanapokea simu usiku.” Hana chuki, ana dedilaini. Ndiyo maana semina za kuwafundisha watu wasichukie hazimgusi. Namba mpya hutafutwa mchana, wakati huna habari ya kuandika: piga simu, ongea nusu saa, usimnukuu mtu.

Tusidanganyane pia kwamba rangi peke yake inatosha. Robert Maynard, mwanahabari mweusi aliyelinunua gazeti la Oakland Tribune mwaka 1983, alizungumzia nyufa tano zinazoigawa jamii: rangi, tabaka, jinsia, kizazi na jiografia. Ukiajiri vijana watatu weusi, wote watoto wa mawakili waliosoma chuo kimoja, umeziba ufa mmoja.

Nami nina langu la kukiri. Naagiza watu wahesabu vyanzo kwa rangi, lakini sauti ya kwenye simu utaijuaje rangi yake? Ukikisia, umerudia kosa lilelile. Ukiuliza, wapo wanaokasirika, na sioni kosa lao. Tena sina hakika kama hesabu huboresha habari au huwafundisha tu waandishi kutafuta nukuu moja ya kujazia fomu.

Yule mwandishi wa riba alimpata mchumi wa nne, mwanamke mweusi, mtaalamu hasa wa mikopo ya nyumba. Habari iliyofuata ilitoka na mmoja wa wale watatu. Nilipomuuliza akanionyesha simu yake: alimpigia huyo wa nne mara mbili, hakupokea, na ukurasa ulikuwa unafungwa saa tatu na nusu.