Kasha la kompyuta la kujitengenezea: watu huogopa kisichodhuru

Apple I, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, ilipotoka mwaka 1976 iliuzwa ikiwa bodi tupu. Kasha, kibodi, skrini na transfoma alivitafuta mnunuzi mwenyewe, na baadhi walijiundia makasha ya mbao. Moja la aina hiyo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Miaka 20 baadaye, Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, walipanga diski 10 za GB 4 kila moja ndani ya kasha la matofali ya plastiki ya kuchezea. Kwa hiyo anayetaka kutumia droo ya zamani, kreti au vipande vya plaiwudi hafanyi jambo geni. Shida ni kwamba wengi huogopa kisichodhuru, kisha kinachodhuru hawakioni. Haya ndiyo madai yanayosikika, na majibu yake.

"Bila kasha la dukani kompyuta haiwaki." Inawaka. Kasha halimo katika sakiti. Mafundi huwasha ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, ukiwa juu ya meza kila wanapoupima. Kitufe cha kuwashia nacho hugusanisha pini mbili tu kwa muda mfupi, basi hata kitufe cha kengele ya mlango kinafaa, na waya zake mbili hazina upande. Vitaa vidogo ndivyo vyenye chanya na hasi. Kumbuka tu kuwa pini hizo ni za volti chache mno, kwa hiyo zisikutanishwe kamwe na umeme wa ukutani.

"Katoni au mbao zitashika moto." Hofu hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, nayo imeelekezwa pasipostahili. Karatasi haiwaki yenyewe mpaka joto lipite nyuzi 200 za Selsiasi. Prosesa za kisasa hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 100, na joto likizidi hapo kompyuta hujizima. Hewa inayotoka nje huwa na joto dogo kuliko hilo kwa mbali.

Moto huletwa na shoti, na plagi iliyolegea inayochemka, na pawa saplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uifae kompyuta) mbovu au iliyozibwa feni. Hapo ndipo tahadhari yote iwekwe. Pawa saplai ibaki ndani ya kisanduku chake cha chuma, isifunguliwe hata kama kukifungua kungeokoa nafasi: kapasita zake zinaweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi katoni ninaipenda kwa kazi moja, kukata kielelezo kabla ya kugusa mbao. Kama kasha la kudumu hainifai, kwa sababu hulegea kwa unyevu na haibebi kadi nzito ya picha. Plaiwudi ya milimita 9 inabeba kila kitu na hukubali skrubu.

"Chuma ndicho salama zaidi." Hapa ndipo watu huunguza ubao mama. Upande wake wa chini umejaa ncha za risasi ya kulehemu, na ukilazwa juu ya bati, hizo zote zinakutana. Lazima uinuliwe kwa vinguzo vya kama milimita 6, vikae chini ya matundu yake ya skrubu tu na si kwingineko. Kinguzo kimoja kilichosahaulika pasipo tundu kinatosha kuleta shoti.

Jambo la pili kuhusu chuma huzungumzwa kwa nadra, nalo linagusa uhai wa mtu. Kasha la chuma likipata umeme kwa hitilafu, atakayeligusa ndiye atakayepigwa, isipokuwa liwe limeungwa na ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Kwa hiyo kwangua rangi mahali pawa saplai inapofungwa, chuma kiguse chuma, uikaze kwa skrubu zake, na utumie waya wenye pini tatu kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Gundi haifanyi kazi hiyo. Kingo za bati zipigwe tupa, maana hukata vidole na hukata ganda la waya vilevile.

"Ule mfuko wa rangi ya fedha ndio mkeka bora." Mfuko uliokuja na ubao mama hulinda dhidi ya umeme tuli kwa sababu umetengenezwa upitishe umeme kidogo. Kuuhifadhia ubao ni sawa, kuuwashia juu yake si sawa. Ubao mkavu wa mbao ni bora.

"Toboa matundu mengi, itapoa." Kinachopoza ni hewa yenye njia. Iingie mbele kwa chini, ipite juu ya prosesa na kadi ya picha, itoke nyuma kwa juu. Matundu yaliyotapakaa karibu na feni ya kutoa hewa huiruhusu ivute hewa ya hapo hapo nje, na sehemu za katikati zikabaki kwenye joto. Feni hupuliza kuelekea upande wenye vijiti vinavyoshika mota. Ukiwa na shaka, sogeza kipande cha karatasi laini uone kinavutwa au kinasukumwa. Kuhusu mbao kuzuia joto, ni kweli hazipitishi joto vizuri, lakini hata katika kasha la chuma joto karibu lote huondolewa na hewa.

"Cha nyumbani lazima kiwe rahisi kwa gharama." Si lazima. Rangi, bawaba na msumeno wa kukodi huongeza gharama. Akiba kubwa iko kwenye kasha bovu la kompyuta iliyokufa: ng'oa bamba la kufungia ubao mama pamoja na ukuta wa nyuma, ujengee mbao kuzunguka hapo. Pima kwanza, maana ubao mama una saizi zake: ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kimo cha feni ya prosesa husahaulika mara nyingi, kisha kifuniko hakifungi.

"Mbao hazina upungufu wowote." Zina mmoja: hazizuii mawimbi, hivyo redio iliyo jirani inaweza kukoroma. Wapo wanaobandika karatasi ya alumini ndani ili kuyazuia. Siishauri, kwa kuwa ikibanduka na kuangukia ubao mama ni shoti ya papo hapo. Isogeze redio mbali.