Je, wajua kwa nini tunajibu "nzuri" hata tukiwa na msiba?

Jirani yetu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, alibisha hodi alfajiri moja kabla jua halijachomoza.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri, karibu. Za kwako?"

"Nzuri tu. Watoto wameamkaje?"

"Hawajambo."

Akanyamaza kidogo. "Nzuri, ila mzee ametutoka usiku huu."

Baba yake alikuwa amefariki saa chache tu zilizopita, na bado alitamka "nzuri" mara mbili kabla ya kutueleza. Mgeni asiyejua Kiswahili angesema ametudanganya. Mimi nasema hakudanganya hata kidogo, na lugha yenyewe inamtetea.

Tazama neno "hujambo". Hiyo "hu-" ya mwanzo ni ile ile ya "huna" na "hujui", ni kikanushi. Kwa hiyo ukiambiwa "hujambo?" unaulizwa kama huna jambo, yaani hakuna lililokusibu. Nawe unajibu "sijambo", sina jambo. Wakiwa wengi wanasema "hatujambo", na mgonjwa aliyepata nafuu tunasema "leo hajambo kidogo". Anayekusalimu amekwisha kukutakia heri ndani ya swali lake, na wewe unaipokea kwa kuirudisha.

"Habari" ni neno lililotoka Kiarabu, maana yake taarifa, na lingeweza kabisa kujibiwa kwa taarifa yoyote. Lakini tumelifundisha adabu ya "hujambo": kwanza nzuri, njema au salama, kisha ndipo ije "ila". Taarifa yenyewe hukaa nyuma ya hiyo "ila". Mtu aliyekulia hapa haisubiri hata ifike. Uzito wa sauti kwenye "nzuri tu" unamtosha kujua kuna neno. Na "shikamoo"? Hiyo haiulizi hali kabisa. Mdogo anaonyesha heshima, mkubwa anaitikia "marahaba", basi.

Mwaka 1923 mtaalamu wa mila na tamaduni Bronislaw Malinowski, aliyeishi kama miaka miwili na watu wa visiwa vya Trobriand katika bahari ya Pasifiki, aliandika kuhusu maneno ya namna hii. Alisema yapo mazungumzo ambayo kazi yake si kupashana habari bali kuwafunga watu pamoja, na salamu ni mfano mmojawapo. Nadhani bibi yeyote wa Chamwino angemwambia hivyo bila kusafiri. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, husema "mbukwa" kwa mmoja na "mbukwenyi" kwa wengi, na mgeni anayeijua salamu hiyo hufunguliwa uso mara moja, hata kama Kigogo chake kinaishia hapo.

Lakini si kila swali la salamu ni la kufunga urafiki tu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe si nyingi. Mtu wa Bahi au Kongwa akikuuliza, "Huko kwenu mvua vipi?" anataka jibu la kweli, maana uwele na mtama wa mwaka mzima unategemea miezi hiyo michache. Hapo huwezi kumjibu "nzuri" wakati shamba limekauka. Utamsikia mtu akisema, "Salama, ila jua kali," na wote wawili wakatazama juu.

Ndiyo maana inaniuma mtu anaponiingilia na shida yake kabla hata hajanisalimu, kana kwamba mimi ni kaunta. Ule mzunguko wa nzuri na salama unakuchukua nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo mwenye habari nzito anapata pumzi na msikilizaji anajiandaa kuipokea.

Siku ile mama alipata muda wa kuweka kikombe cha chai chini. Iliposemwa "ila", mikono yake ilikuwa mitupu. Akamshika jirani mabega, akamvuta ndani, akamkalisha. Ndipo akamuuliza, "Saa ngapi?"