Mtetezi wa mzee hospitalini: nani anamlipa?

Mzee amelazwa kwa kiharusi katika hospitali mojawapo ya England. Mkono wa kulia haunyanyuki, na maneno hayatoki sawasawa. Daktari, muuguzi na ofisa ustawi wa jamii wamemzunguka wakizungumzia kumpeleka kituo cha wazee. Mzee anatikisa kichwa. Anakataa kituo, au anakataa ile chai iliyopoa?

Hapo ndipo anapohitajika mtetezi. Si wakili wa mahakamani, wala si mkalimani, ingawa wenzetu wengi walioko Uingereza huwachanganya: mkalimani anageuza maneno tu, hana upande. Mtetezi anakaa na mzee faragha, anatoa kadi za picha ulimi ukigoma, anarudi siku nyingine, kisha anaingia kikaoni kusema anachotaka mzee, hata kama moyoni anaona daktari ana hoja.

Asiyeweza kuamua mwenyewe na asiye na ndugu wala rafiki wa kuulizwa analindwa na Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, kabla ya tiba nzito au kabla ya kupelekwa kituoni kwa zaidi ya wiki 8. Mtetezi wake anaruhusiwa hata kusoma faili la matibabu. Aliyezuiliwa hospitali kwa maradhi ya akili ana mtetezi wa aina yake tangu 2009. Na tangu Aprili 2015, Sheria ya Matunzo ya 2014 inamfikia mwenye ugumu mkubwa wa kuelewa, kukumbuka, kupima habari au kujieleza pale halmashauri inapomfanyia tathmini ya mahitaji yake ya matunzo, kama hana mtu wa kumsaidia.

Hiki kipengele cha mwisho kinatuhusu sana. Mtoto akikubali kumsemea baba, halmashauri hailazimiki kuleta mtetezi. Nasi tunakubali upesi, maana kukataa ni kama kumtupa mzazi. Lakini binti ambaye halali usiku akimgeuza baba kitandani naye amechoka, na ana lake la kuomba katika kikao hicho hicho. Mzee mwenye uwezo wa kuamua anaweza pia kusema hataki mwanawe amsemee, na sheria inamsikiliza.

Mzee halipi hata peni. Inalipa halmashauri, kwa fedha za umma, na kazi mara nyingi huchukuliwa kwa zabuni na shirika la hisani. Yaani halmashauri inagharimia mtu aje kuibishia! Ndiyo maana sheria inakataza mtetezi kuwa mwajiriwa wake, na chini ya Sheria ya Matunzo, mtetezi akiandika ripoti ya kupinga uamuzi, halmashauri lazima ijibu kwa maandishi. Binafsi sioni kosa katika chanzo cha fedha. Kinachonitia shaka ni mkataba unaohesabu saa. Zile kadi za picha zinakula alasiri nzima, na mzee hahimizwi.

Siku halmashauri inapopiga simu kupanga tathmini, ndiyo siku ya kuomba mtetezi, kwa barua pepe yenye tarehe. Tathmini ikipita bila mtetezi aliyestahili, lalamika kwa halmashauri kwanza. Jibu lisiporidhisha, yupo Ombudsman, yaani mchunguzi huru wa malalamiko, wa Serikali za Mitaa na Matunzo ya Jamii, naye hatozi ada.