Kwa nini madume wawili ni wengi mno kwa majike watano?

Ukiatamisha mayai ya bata na yakaanguliwa kumi, tarajia madume kama watano. Kundi la nyumbani linahitaji mmoja. Wale wanne wa ziada hawasumbui wakiwa wadogo. Wanakula pamoja na kulala wamerundikana kama ndugu. Kisha, wakifikia umri wa miezi mitano hivi, jike aliyekuwa anaoga kwenye beseni kwa raha zake anaanza kukimbia kila akiona dume anakuja. Kisogo kinanyonyoka, mayai yanapungua, mwingine anachechemea. Hapo wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakati kilichoharibika ni hesabu.

Asili ya jambo lenyewe ni maumbile. Jogoo hana uume: akimpanda kuku wanagusanisha matundu kwa sekunde chache, basi. Bata ni miongoni mwa ndege wachache wenye uume, nao umejisokota kama parafujo. Njia ya uzazi ya jike nayo imejisokota, ila kwa kuelekea upande wa pili, na ina vifuko visivyo na pa kutokea. Mtafiti Patricia Brennan na wenzake walilieleza hilo mwaka 2007: katika aina za bata ambazo madume hupanda kwa nguvu, jike naye amejengeka kuzuia. Kwa hiyo dume anayelazimisha si bata mkorofi wa kurekebishwa kwa fimbo. Ndivyo bata alivyo, na karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, usingoje msimu wa yeye kupoa.

Dume hushika manyoya ya kisogo cha jike kwa mdomo ili asiteleze. Akiwa mmoja, jike huinuka, akajikung'uta na kuendelea na shughuli zake. Wakiwa watatu wanapokezana, manyoya yanakwisha, ngozi inachanika, na kama wako majini kichwa cha jike kinazamishwa muda mrefu. Bata anaweza kufa maji hata kwenye beseni la kufulia.

Kwanza ujue madume ni wepi, na hapa aina ya bata ina maana. Bata wengi wa uani kwetu ni wale wenye vidutu vyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini. Hawa hawapigi kelele: dume huzoma kwa pumzi kama nyoka, jike hutoa sauti ndogo laini. Kwa hiyo usitegemee sauti, tazama mwili. Kufikia wiki ya nane dume ana miguu minene na kichwa kipana kuliko dada zake, na akikomaa huwa na kilo 4 hadi 6 wakati jike ana 2 hadi 3. Kwa aina nyingine, kama Pekin weupe, sauti ndiyo mwalimu. Mnyanyue bata wa wiki nane mpaka alalamike: jike hupayuka "kwaa!" nzito na kali, dume hutoa sauti iliyokauka kama mtu mwenye mafua. Unyoya uliojikunja juu ya mkia wa dume huja baadaye, akiwa na miezi mitatu au minne.

Uwiano unaofaa ni dume mmoja kwa majike wanne hadi sita. Wawili wanaweza kukaa pamoja kama majike wanafika kumi na madume hao wamekua pamoja, tena pawe na nafasi ya kukimbilia. Kwa majike watano, dume wa pili haongezi yai lolote. Na kama unataka mayai ya kula tu, huhitaji dume kabisa: jike hutaga bila yeye, ila mayai hayo hayataanguliwa.

Wa ziada waamulie mapema, kabla hawajapevuka. Kwa nyama, Pekin huchinjwa akiwa na wiki saba au nane. Ukichelewa kidogo anaanza kuota manyoya mapya, na vile vinyoya vya sindano vitakuchosha kunyonyoa. Dume mwenye vidutu hufaa akiwa na wiki kumi na mbili hivi. Kama hutaki kuchinja wala kuuza, watenge madume peke yao. Njia hii hupuuzwa, lakini inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sharti moja: wasiwaone majike. Wavu mtupu hautoshi, maana watatembea kando yake kutwa na kupigana wao kwa wao. Ziba kwa mabati, makuti au mabanzi mpaka juu ya vichwa vyao. Wale wenye vidutu huruka, basi wapunguze manyoya makubwa ya bawa moja.

Usiwahamishie kwa kuku. Dume aliyekosa jike humpanda tetea, na tetea hakuumbwa kupokea uume. Huumia ndani, na anaweza kufa bila jeraha lolote la kuonekana nje.

Mara moja kwa wiki, jioni wanapoingia bandani, mshike kila jike umpekue manyoya ya kisogo kwa vidole. Ngozi tupu yenye rangi ya kawaida ni onyo. Damu au kigaga ni amri ya kumtenga leo hii. Safisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe kimoja, kisha mzuie asifikiwe na nzi. Tazama na macho pia, maana mdomo wa dume hukosea shabaha. Unyoya uliong'oka na shina lake utaota tena baada ya wiki chache, lakini uliokatika katikati husubiri hadi atakapobadilisha manyoya yote, kwa hiyo usishangae upara ukidumu miezi.

Dume naye huumia. Ukiona kitu chekundu kinaning'inia nyuma yake, uume umeshindwa kurudi, mara nyingi kwa kupanda kupita kiasi. Uoshe kwa maji baridi safi, upake sukari iliyolowana ili uvimbe ushuke, ulainishe kwa mafuta ya kujipaka yasiyo na manukato na uurudishe taratibu, kisha akae peke yake kwenye sakafu safi. Uume ukiwa mweusi au mkavu, mwite daktari wa mifugo. Unaweza kukatwa na bata akaishi, kwa sababu haja ndogo haipiti humo. Kazi ya upandaji ndiyo itakuwa imeisha.

Kwenye chakula kuna kosa la kimyakimya: kuwapa wote chakula cha kuku wa mayai. Kina chokaa nyingi ambayo dume hana pa kuipeleka, na mwisho figo zinaumia. Lisha kundi zima chakula cha kukuzia, halafu weka magamba ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni. Majike watayafuata wenyewe.

Baada ya miaka miwili au mitatu badilisha dume, asije akapanda mabinti zake. Mgeni mkalishe mbali na kundi wiki mbili kwanza. Mbegu za dume wa zamani hubaki hai ndani ya jike kwa muda, kwa hiyo mayai ya wiki tatu za mwanzo uyale tu. Yanayofuata yaatamishe, na siku ya kumi yamulike kwa tochi gizani: lenye mishipa kama mizizi limerutubishwa, lililo angavu tupu litoe. Pekin huanguliwa siku ya 28, wenye vidutu siku ya 35.