Kubadilisha nyonga: kwa nini mfupa wa mzee hauungwi tu?

Masika yakishika, vijia vya kihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani huko Machame na Marangu, Kilimanjaro, huwa utelezi mtupu. Bibi anatoka kukatia ng'ombe majani, anaanguka kwa ubavu, hainuki. Mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Nyumbani watasema nyonga imeteguka, atafutwe wa kumkanda. Jamani, asikandwe. Kwa mzee mwenye dalili hizo, mara nyingi ni fupa la paja limevunjika kule juu.

Kichwa cha fupa hilo ni cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilichomo kwenye mfupa wa kiuno. Chini ya kichwa kuna shingo, na sehemu kubwa ya damu inayolisha kichwa hupita kwenye vimishipa vinavyoambaa na shingo hiyo. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, vimishipa navyo hukatika. Kijana huwahiwa, akaungwa kwa skrubu. Kwa mzee, mfupa huenda usiunge, au kichwa kikafa kwa kukosa damu, arudishwe tena chumba cha upasuaji. Ndiyo maana daktari hukitoa kabisa na kuweka cha chuma, chenye shina linalozama ndani ya fupa la paja, mara nyingi likishikizwa kwa saruji ya mifupa. Hiyo ni nusu nyonga. Kikombe nacho kikibadilishwa huwa nyonga nzima, njia ambayo John Charnley wa Uingereza aliiboresha sana miaka ya 1960. Hufaa zaidi mzee aliyekuwa akitembea vizuri kabla ya kuanguka.

Mfupa ukivunjika chini ya shingo ni habari nyingine. Damu pale ni ya kutosha, kwa hiyo kwa kawaida huungwa kwa vyuma.

"Ana miaka 80, kisu kitamuua." Kauli hii huniuma, maana husemwa kwa upendo. Upasuaji una hatari zake, ni kweli, lakini kulala wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito huleta nimonia, damu kuganda miguuni na vidonda vya mgongoni. Hali yake ikiruhusu, ni vema apasuliwe ndani ya siku mbili. Kwa hiyo mpelekeni mapema penye mabingwa wa mifupa. Kwa watu wa Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC ipo karibu. Wengi husimamishwa kesho yake baada ya upasuaji, wakishikilia fremu ya kutembelea.

Wakati bado yupo wodini, andaeni nyumba. Kigoda cha jikoni na choo cha kuchuchumaa humkunja sana, na nyonga mpya inaweza kuchomoka, hasa miezi ya mwanzo. Fundi seremala atengeneze kiti cha chooni chenye tundu, kirefu kiasi kwamba akikaa, magoti yasipande juu ya nyonga.