Mwanamke shujaa kwenye katuni hakuanza juzi

Umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mbeya ule ujumbe wa siku zote: eti zamani mashujaa wa katuni walikuwa wanaume watupu, na wanawake wapiganaji wameingizwa miaka hii kuharibu watoto. Si kweli. Wonder Woman, mwanamke shujaa mwenye nguvu za ajabu, alitokea kwenye majarida ya katuni ya Marekani mwaka 1941. Kilichobadilika ni kazi anayopewa. Mwaka 1942 alipokaribishwa kwenye kundi la mashujaa, pamoja na nguvu zake zote, walimfanya katibu. Wenzake wanakwenda kupigana, yeye anabaki na kumbukumbu za kikao!

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana wengi wetu tulimjua kwa filamu ya 2017 tukadhani ndiyo kwanza kabuniwa. Ukikuta jarida kuukuu, iwe sokoni Mwanjelwa au kwenye sanduku la mjomba, soma yale maandishi madogo ya mchapishaji kurasa za mwanzo. Mwaka huwa hapo. Toleo lililochapwa upya mara nyingi hutaja pia mwaka wa awali.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mjibu aliyekutumia, kwa upole tu: 1941.