Kabla ya Kuipaka Rangi Pembea, Itazame Juu na Chini

Kila Sikukuu ikikaribia, walimu wa skuli za maandalizi hutuuliza rangi gani inafaa kwa pembea. Sisi wakaguzi huwajibu: tafuteni kwanza ndoo, ngazi na nyundo. Rangi hufunika kutu tu, nayo huendelea kula chini kwa chini.

Kinachoila pembea ya kwetu, pwani ya mashariki ya Unguja, ni chumvi. Makunduchi, Jambiani, Paje hadi Matemwe, upepo wa kusi hutoka baharini moja kwa moja, na chumvi unayoileta huvuta unyevu wa hewani. Chuma hubaki kimelowa hata siku isiyo na mvua. Kwa hiyo msimu wa kusi isuuzeni kila wiki kwa maji na sabuni ya kawaida, kisha ipanguseni kwa kitambaa kikavu. Jiki iacheni, nayo hula chuma. Maji yawe ya mfereji au ya mvua. Ya kisima yaonjeni kwanza, maana visima vingi vya pwani ni vya chumvichumvi.

Kisha pandeni ngazi. Niliwahi kukagua pembea iliyokuwa inang'ara kama ya jana, lakini pale kulabu inapoingia kwenye pete chuma kilikuwa kimelika, kimebaki chembamba kama msumari. Mtoto akienda na kurudi, chuma husugua chuma, na mchanga uliopo katikati hufanya kazi ya msasa. Linganisheni unene wa hapo na sehemu isiyosuguana. Ikiwa theluthi imeshakwenda, badilisheni kulabu za pande zote mbili. Na jamani, mnyororo msiupake mafuta ya nazi! Kelele zitapungua, lakini mchanga utanata vizuri zaidi. Grisi ni ya beringi, kama pembea inazo.

Chini, fukueni mchanga nguzo inapoingia ardhini, mgonge kwa nyundo kutoka juu kushuka. Sauti ikigeuka kutoka kali kuwa nzito, au rangi ikibonyea, bomba limeoza kwa ndani. Mara nyingi zege lake lilichanganywa na mchanga wa ufukweni, chumvi ikabaki humo humo. Nguzo za boriti zichomeni kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa wameshapita.

Kamba ya nailoni huchoshwa na jua. Ikitoa manyoya yanayopukutika vidoleni, itupeni, msiiunge kwa fundo. Kiti cha tairi kitobolewe matundu upande wa chini, kwani maji yakituama humo mbu wa homa ya dengue hupata pa kuzalia.

Sasa rangi. Ile ya zamani huenda ina madini ya risasi, hivyo msiipige msasa ikiwa kavu. Ilowesheni, watoto wakae mbali, na maganda yakusanywe. Baada ya hapo ni brashi ya waya, praima ya kuzuia kutu, na mikono miwili ya rangi.

Siku ya kazi, zungusheni minyororo juu ya mhimili ili mtoto asifikie kiti. Kuzungushia kamba pekee hakutoshi: mahali pamoja tulirudi kutoka kuswali Adhuhuri tukakuta watoto wameshaigeuza ile kamba yetu kuwa pembea.